Kuchagua kati ya “to read” na “reading” baada ya kitenzi kingine: tuwaelezeje wanafunzi?

Mwalimu, Tororo

Ndugu walimu na wapenzi wa lugha, nawasalimu. Ninafundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Tororo, na ninaomba mawazo yenu juu ya jambo moja la sarufi ya Kiingereza ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaendelea kulikosea, ingawa wamekuwa wakifundishwa kwa Kiingereza tangu madarasa ya juu ya shule ya msingi. Jambo lenyewe ni hili: kitenzi kimoja kinapofuatwa na kingine, ni lini hicho cha pili kitanguliwe na “to”, na ni lini kiishie kwa “-ing”?

Nimetoka kusahihisha barua za kuomba kazi ya kuuza dukani, zoezi la kawaida la kujiandaa kwa mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne hapa Uganda. Karatasi nyingi zilikuwa na sentensi za namna hii: “I enjoy to work with people”, “I always avoid to come late”, “My uncle suggested me to apply”, na mwishoni kabisa, juu ya sahihi, “I am looking forward to hear from you”. Makosa hayo yanaonekana, na mwanafunzi akiambiwa anayarekebisha. Kilichonisumbua zaidi ni sentensi moja ambayo haina kosa lolote la kisarufi: “At my former shop I stopped to quarrel with customers.” Kijana alikusudia kumwambia mwajiri kwamba ameacha kugombana na wateja. Alichoandika ni kwamba alikuwa akisimamisha kazi yake ili agombane nao, na mwajiri yeyote anayekijua Kiingereza vizuri ataielewa hivyo.

Chanzo kimoja cha tatizo nakijua. Katika Kiswahili tunasema “nataka kusoma”, “nafurahia kusoma”, “nimeacha kusoma” na “kusoma kwake kumemsaidia”, na umbo ni lile lile kila mahali. Luganda nayo ina “okusoma”, na Runyankore ina “okushoma”, kwa kazi zote hizo. Mwanafunzi aliyezaliwa katika lugha za Kibantu haoni kwa nini Kiingereza kigawe kitu kimoja mara mbili. Vitabu tunavyotumia vinampa orodha ya vitenzi, naye anaikariri kwa ajili ya jaribio na kuisahau wiki inayofuata.

Maswali yangu ni mawili. Je, nyuma ya uchaguzi huu kuna maana yoyote ambayo mwanafunzi anaweza kuishika, au ni desturi tupu inayopaswa kukaririwa kitenzi kwa kitenzi? Na kwa kuwa vipindi ni vichache, nianzie wapi?

Mwanafunzi wa ualimu, Mbale

Mwalimu, sisi chuoni tumeshauriwa kuwapa wanafunzi orodha mbili zilizoandikwa sambamba ubaoni. Upande mmoja wanakaa “want”, “hope”, “decide”, “agree”, “refuse”, “promise”, “manage” na “afford”, ambavyo hufuatwa na “to”. Upande wa pili wanakaa “enjoy”, “finish”, “avoid”, “mind”, “deny”, “admit”, “practise” na “keep”, ambavyo hufuatwa na “-ing”. Maelezo zaidi ya hayo sijayapata, ila nimeona kwamba anayekariri sentensi nzima, kama “We can’t afford to buy it”, hukumbuka vizuri kuliko anayekariri neno peke yake. Nitafuatilia majibu ya wengine kwa makini, kwa sababu muhula ujao ninakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na mada hii imo katika mpango wangu wa kazi.

Mwalimu mstaafu, Jinja

Mwalimu wa Tororo, maana ipo, ingawa haitawali kila kitenzi. Ili uione vizuri inafaa kurudi nyuma kidogo.

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichoandikwa kabla ya karne ya 12, kitenzi kisichoonyesha nafsi wala wakati kilikuwa na kiishio chake chenyewe, “-an”, kama katika “writan”, yaani kuandika, na hakikuhitaji “to” hata kidogo. “To” ilikuwa kihusishi cha kuonyesha mwelekeo, kama ilivyo hadi leo katika “I am going to Kampala”, na ilipowekwa mbele ya kitenzi, kama katika “to writenne”, mara nyingi ilionyesha lengo: kwa ajili ya kuandika. Kadiri karne zilivyopita viishio vile vilidondoka na “to” ikabaki kuwa alama ya kitenzi. “-ing” ina ukoo mwingine. Ilitokana na kiishio cha kuundia nomino kutoka katika vitenzi. “Leornung” lilikuwa jina la tendo la kujifunza, na ndilo lililozaa “learning” ya leo. Baadaye, katika Kiingereza cha Kati, kiishio hicho kilikutana na kile cha kuonyesha tendo linaloendelea, ambacho awali kilikuwa “-ende”, na vyote viwili vikaishia kuwa “-ing”.

Historia hiyo imeacha alama inayoonekana. Kwa sehemu kubwa, “to” bado inatazama mbele, kuelekea tendo ambalo halijatendeka wakati wa kitenzi cha kwanza. Mtu anayetaka, anayetumaini, anayeamua, anayeahidi au anayekataa, tendo lake liko mbele yake, na ndiyo maana tuna “want to”, “hope to”, “decide to”, “promise to” na “refuse to”. “-ing” nayo inalishika tendo kama kitu kilichopo tayari, kilichoanza au kilichowahi kutokea. Mtu hufurahia kile anachokifanya, humaliza kile alichokianza, hukiri au hukana kile kinachosemekana kuwa kimetokea. Ndiyo sababu ya “enjoy working”, “finish writing”, “admit stealing” na “deny stealing”.

Mahali ambapo maana hii inafanya kazi waziwazi ni katika vitenzi vichache vinavyokubali maumbo yote mawili na kubadilika maana. Nakushauri uvipe muda mwingi kuliko vyote, kwa sababu humo ndimo mwanafunzi anapoona kwamba sarufi inasema jambo.

Chukua “remember”. Mlinzi wa shule anaposema “I remembered to lock the gate”, anaeleza kwamba wazo la kufunga lango lilimjia kwanza, kisha akalifunga. Anaposema “I remember locking the gate”, lango lilifungwa kwanza, na kumbukumbu imekuja baadaye, labda pale anapohojiwa asubuhi baada ya wizi. Katika Kiswahili tofauti hii tunayo, ila tunaionyesha kwa njia nyingine: ya kwanza ni “nilikumbuka kufunga lango”, na ya pili ni “nakumbuka kwamba nililifunga lango”. Mwambie mwanafunzi kwamba pale ambapo Kiswahili chake kinadai “kwamba” na kitenzi cha wakati uliopita, Kiingereza kinaweza kutumia “-ing”. “Forget” hufuata mkondo huo huo. “She forgot to pay the fees” ina maana kwamba karo haikulipwa, wakati “She will never forget paying those fees” ina maana kwamba ililipwa, na kwa taabu.

“Try” ni kigumu zaidi kwa sababu Kiswahili kinasema “nilijaribu” kwa hali zote mbili. Simu yako imezimika. Ukisema “I tried to charge it, but there was no power”, ulifanya juhudi na hukufaulu kuichaji. Ukisema “I tried charging it, but it still would not come on”, uliichaji kweli, na kuichaji kulikuwa jaribio la kuona kama itawaka. Katika sentensi ya kwanza kuchaji hakukufanyika. Katika ya pili kulifanyika bila kuleta matokeo.

“Regret” hukutana nacho katika barua za ofisini: “We regret to inform you that your application was not successful.” Hapo habari mbaya bado inakuja, imo katika maneno yanayofuata. “He regrets leaving school” inahusu tendo lililokwisha kupita ambalo sasa linamuuma.

Na sasa “stop”, iliyomponza kijana wako. Hapa natofautiana kidogo na vitabu vinavyoiweka pamoja na hivyo vingine, kwa sababu katika “stopped to quarrel” kitenzi cha pili si shamirisho ya “stop” hata kidogo. “Stop” imesimama peke yake, na “to quarrel” inaeleza lengo, sawasawa na “I went to the market to buy fish”. Kipimo chake katika Kiswahili ni neno “ili”. Wape wanafunzi mfano wa teksi wanayoipanda kila siku: “The driver stopped to pick up passengers”, dereva alisimama ili apakie abiria, “The driver stopped picking up passengers”, dereva aliacha kupakia abiria, huenda kwa sababu gari lilikuwa limejaa. Ukiweza kuingiza “ili” na sentensi ikabaki na maana uliyoikusudia, andika “to”. Ukihitaji “acha”, andika “-ing”. Kijana wako akiipitisha sentensi yake katika kipimo hicho, “nilisimama ili nigombane na wateja”, ataiona mwenyewe bila wewe kutumia kalamu nyekundu.

Mhariri wa vitabu vya shule, Kampala

Ninamshukuru mzee wa Jinja kwa maelezo yake, na juu ya “remember”, “try” na “stop” sina la kuongeza. Lakini kwa mwalimu mwenye vipindi vichache ninaona hatari ya kuanza na kanuni ya “to hutazama mbele”. Mwanafunzi mwerevu ataichukua na kuitumia kila mahali, na itamwangusha palepale. Anayependekeza anatazama mbele, lakini Kiingereza kinasema “suggest going”. Anayeepuka, anayeahirisha na anayefikiria kufanya jambo, wote tendo lao halijatendeka, na bado ni “avoid”, “postpone” na “consider” pamoja na “-ing”. Kwa upande mwingine, “manage” inahusu jambo lililofanikiwa na kumalizika, na hata hivyo tunasema “managed to finish”. Maelezo ya maana yanamfaa mwanafunzi ambaye tayari anavijua vitenzi, kwa kuwa yanampa sababu ya kile alichokizoea. Kwa anayeanza, hayatoshi kumfanya achague.

Mimi ningeanza mahali ambapo kanuni haibabaishi, nako ni baada ya kihusishi. Kitenzi kinachofuata kihusishi cha Kiingereza huchukua “-ing”: “before leaving”, “after eating”, “without paying”, “by working hard”, “interested in learning”, “good at drawing”, “insist on seeing the manager”. Vipo vichache vinavyokwenda kinyume, kama “but” na “except” katika “nothing to do but wait”, ila mwanafunzi wa kidato cha tatu havihitaji sasa. Uzuri wake ni kwamba Kiswahili kinamsaidia moja kwa moja. Tunasema “kabla ya kuondoka”, “baada ya kula”, “bila kulipa”, “kwa kufanya bidii”. Kila mahali ambapo “ku-” inatanguliwa na “kabla ya”, “baada ya”, “bila” au “kwa” ya namna ya kutenda, Kiingereza kina kihusishi na “-ing”, na mwanafunzi anaweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuteleza.

Anateleza pale ambapo Kiingereza kina kihusishi na Kiswahili hakina. Hapo ndipo ilipo sentensi ya mwisho wa barua zote za kuomba kazi. Tunasema “natazamia kupata jibu lako”, hakuna kihusishi, na mwanafunzi akifika kwenye “look forward to” anaiona “to” na kudhani ni ile ya “want to”. Kumbe hii ni kihusishi kamili, kile kile cha mwelekeo alichokitaja mzee wa Jinja, na kihusishi kinataka jina baada yake. Kipimo ni rahisi, na nimeona kikifanya kazi hata kwa watu wazima wanaoandika ripoti: weka “it” au nomino baada ya “to”. “I look forward to it” inakubalika, na “I look forward to your reply” inakubalika, kwa hiyo ni “I look forward to hearing from you”. “I want to it” haikubaliki, kwa hiyo ni “I want to hear from you”. Pitisha kipimo hicho kwenye “object to”, “be committed to”, “be accustomed to” na “in addition to”, utaona vyote vinakubali “it”, na vyote vinafuatwa na “-ing”.

“Used to” inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu kuna mbili. “I used to wake up at five” ni desturi ya zamani ambayo sasa haipo: zamani nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri. “I am used to waking up at five” ni mazoea ya sasa: nimezoea kuamka saa kumi na moja. Ya pili inakubali “I am used to it”, ya kwanza haikubali. Katika maandishi yanayoletwa mezani kwangu, “I am used to wake up early” hutokea mara nyingi sana, pamoja na ile ya “looking forward to hear”, na zote mbili zinatoka katika mzizi mmoja. Mwalimu akitumia kipindi kimoja kizima kwa vihusishi tu, atakuwa ameondoa makosa yanayoonekana zaidi katika barua rasmi.

Mwalimu, Tororo

Nawashukuru nyote. Kipimo cha “ili” na kipimo cha “it” nimeviandika katika maandalio yangu ya wiki ijayo, na nimependa kwamba vyote viwili vinaweza kufundishwa kwa dakika chache.

Yamebaki mawili. La kwanza ni “suggest”. Mwanafunzi aliyeandika “My uncle suggested me to apply” aliniuliza kwa nini asiseme hivyo wakati “My uncle advised me to apply” imekubalika, na katika Kiswahili mjomba anaweza kukupendekezea jambo kama anavyoweza kukushauri. Sikuwa na jibu la kumridhisha zaidi ya kumwambia kwamba ndivyo ilivyo. La pili lilitoka kwa msichana mmoja aliyeona katika gazeti maneno “The roof needs repairing”, akauliza kama paa ndilo linalofanya ukarabati.

Mhariri wa vitabu vya shule, Kampala

Kuhusu “suggest”, mwonyeshe kwamba tofauti iko katika mtu anayewekwa katikati. Vitenzi vya kumwelekea mtu, kama “ask”, “tell”, “advise”, “allow”, “encourage”, “warn” na “want”, vinaweza kuchukua mtu kuwa shamirisho kisha “to”: “They asked us to wait”, “The doctor advised him to rest”. “Suggest” haipokei mtu kwa namna hiyo. Kinachopendekezwa ni wazo, na mtu anayeambiwa, akitajwa, hutanguliwa na “to”: “She suggested a plan to us.” Kwa hiyo mwanafunzi ana njia mbili za kusema alichotaka: “My uncle suggested that I apply” au “My uncle suggested that I should apply”. Asipotaka kutaja nani atakayefanya, atasema “My uncle suggested applying early”. Kiswahili kwa bahati njema kina mfano unaokaribia sana: “mjomba alipendekeza niombe kazi” au “alipendekeza kwamba niombe”, ambapo aliyeombwa kutenda anaonekana ndani ya kitenzi cha pili. Mwambie mwanafunzi afuate sentensi hiyo, kitenzi cha pili kiwe na mtendaji wake, naye atafika kwenye “that I apply” bila shida.

Jambo la ziada linalohusiana na hilo: “advise” na “allow” hubadilika kulingana na kama mtu ametajwa. “They do not allow smoking here”, bila mtu, ni “-ing”. “They do not allow visitors to smoke here”, akiwepo mtu, ni “to”. Hili mara nyingi husahaulika katika vitabu, na linaeleza makosa mengi ambayo mwalimu huyaona kama uzembe.

Mwalimu mstaafu, Jinja

Msichana wa paa ameuliza swali zuri sana, na ninatumaini ulimsifu mbele ya wenzake. Baada ya “need”, umbo la “-ing” lina maana ya kutendwa, ingawa halina alama yoyote ya kutendwa: “The roof needs repairing” ni sawa na “The roof needs to be repaired”, paa linahitaji kukarabatiwa. Kiswahili kinadai “-wa” waziwazi, Kiingereza hakiidai. “Want” nacho hutumika hivyo Uingereza katika mazungumzo, kama “The grass wants cutting”, lakini usiwafundishe hiyo, haitawasaidia katika mtihani. Mtu mwenye haja ya kufanya jambo huchukua “to” ya kawaida: “I need to repair the roof.”

Nakubaliana na mhariri juu ya mahali pa kuanzia. Vihusishi kwanza, kisha vitenzi vya kawaida kwa sentensi nzima kama alivyosema mwenzetu wa Mbale, na maana mwishoni, kupitia “remember”, “try” na “stop”. Nilichotaka kusema ni kwamba usiwanyime kabisa hiyo sehemu ya mwisho kwa sababu ya uchache wa vipindi.

Kuna jambo jingine ambalo wewe, kwa kuwa unafundisha lugha zote mbili, unaweza kulifanya vizuri kuliko wengi wetu. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na hasa baada ya Baraza la Mawaziri mwezi Julai 2022 kuunga mkono kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, wanafunzi wengi zaidi wanakutana na ngeli ya KU darasani. Wanajifunza kwamba “kuja kwako kulitufurahisha” ni sentensi yenye jina, lenye kimilikishi chake na upatanisho wake. Itumie. “Kuja kwako” ni “your coming”, na popote ambapo “ku-” ya Kiswahili inaweza kubeba “kwangu”, “kwako” au “kwake”, tendo limekuwa jina, na Kiingereza kitaelekea kwenye “-ing”: “We appreciate your helping us”, tunathamini kutusaidia kwako. Katika “nataka kuja” huwezi kuongeza “kwangu”, na Kiingereza ni “I want to come”. Kipimo hiki si cha kutegemewa baada ya kila kitenzi, kwa mfano hakisaidii kwa “avoid”, lakini mwanzoni mwa sentensi, tendo linapokuwa kiima, kinafaa sana: “Reading newspapers improved his English”, kusoma kwake magazeti kuliboresha Kiingereza chake.

Mkalimani, Arua

Ninaomba kuongeza neno kwa niaba ya walimu wa huku kaskazini. Vipimo hivi vinavyopitia “ku-” ni vizuri kwa mwanafunzi aliyeizoea lugha ya Kibantu, lakini Kilugbara, Kiacholi na Kiteso si lugha za Kibantu, na huko Tororo bila shaka unao watoto wanaozungumza Kiteso au Kijopadhola nyumbani. Kwao, Kiswahili chenyewe ni lugha waliyojifunza nje ya nyumba, sokoni au shuleni. Usichukulie kwamba “kuja kwako” ni rahisi kwao kuliko “your coming”. Kipimo cha “it” hakitegemei lugha ya nyumbani, na kwa darasa lenye lugha mchanganyiko ningekitanguliza hicho.

Zaidi ya hapo, kuna miundo miwili ambayo inafaa ifundishwe pamoja kwa sababu inafanana machoni na kutofautiana katika kanuni. Baada ya “It is” na kivumishi cha kawaida, tumia “to”: “It is important to keep receipts”, “It is easy to lose a phone in a crowd”. Baada ya “worth” na “no use” tumia “-ing”: “The source of the Nile is worth visiting”, “It is no use complaining now”. Hizi mbili za mwisho ni chache, zinakaririka kwa urahisi, na watahini huzipenda.

Mwanafunzi wa ualimu, Mbale

Nimejifunza mengi. Swali langu ni dogo: nifanye nini na “begin”, “start”, “continue”, “like”, “love” na “hate”, ambavyo vitabu vinasema vinakubali yote mawili?

Mwalimu mstaafu, Jinja

Kwa “begin”, “start” na “continue”, usimkate mwanafunzi alama kwa kuchagua lolote kati ya hayo mawili: “It began to rain” na “It began raining” ni sawa. Epusha tu “-ing” mbili kufuatana, sema “It was starting to rain” badala ya “It was starting raining”, na kwa vitenzi vya hali ya akilini pendelea “to”, kama “She began to understand”. “Like”, “love” na “hate” hukubali yote, ingawa Uingereza “I like to check my work before I hand it in” huashiria kwamba mtu anaona ni vyema kufanya hivyo, si lazima awe anakufurahia, wakati “I like checking” ni kufurahia kwenyewe. Marekani tofauti hiyo haizingatiwi sana. Mahali pekee pa kusimamia bila kulegeza ni “would”: “I would like to apply”, kamwe si “I would like applying”, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya barua ile ile ya kuomba kazi.